Aibu Zilizovuka Bahari

Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba sehemu 9 za tamthilia ya Doctor Who, ambazo Waingereza walikwisha kuzikatia tamaa, zimepatikana Nigeria, katika kituo cha kupokezana matangazo ya televisheni mjini Jos. Aliyezipata ni Philip Morris, mtu wa kusaka filamu zilizopotea. Sehemu hizo zilirushwa Uingereza mara ya kwanza kati ya mwisho wa 1967 na mwanzo wa 1968, kisha BBC yenyewe ikazifuta. Kanda za video za wakati ule zilikuwa ghali, zikirekodiwa juu ya nyingine, na hakuna aliyefikiri kwamba kipindi kikisha kurushwa patatokea mtu wa kukitaka baada ya miaka. Ila kabla ya kufutwa, nakala za filamu zilikuwa zimeuzwa kwa vituo vya ng'ambo, na nyingine zilibaki huko huko zilikopelekwa. Hata baada ya habari njema ya Jos, sehemu zaidi ya 90 za tamthilia hiyo zilikuwa hazijulikani ziliko.

Nimeifikiria habari hiyo mara nyingi. Mwenye mali aliifuta, wa mbali akabaki nayo. Sidhani mafundi wa Jos walijua kwamba wanalinda hazina ya watu. Nadhani waliiweka rafuni kama kazi nyingine yoyote waliyokabidhiwa. Lakini inanifundisha kwamba mtu anaweza kuishi na kitu chake mwenyewe na asijue kabisa kwamba ndicho wengine watakachokipenda. Nikitazama ni vipindi gani vya Uingereza vilivyoingia nyumbani kwetu vikakaa, naona jambo hilo hilo: tulichokipenda kwao huenda ndicho wao wangekichagua mwisho.

Nililelewa Mombasa na baba aliyekuwa karani wa bandari ya Kilindini tangu kabla ya uhuru. Kwake, Mzungu hakuwa mtu wa kuchekwa. Woga ulichangia, ndiyo, lakini zaidi ni kwamba hakuwahi kumwona katika hali ya kuchekesha. Aliwaona na kaptura nyeupe zilizopigwa pasi, soksi za magotini, kalamu ya kutia saini. Hakuwaona wakizozana na wake zao, wala wakisumbuliwa na shemeji asiye na kazi. Utawala ule ulijua sana kufunga mlango wa jikoni. Harusi ya Charles na Diana ya mwaka 1981 baba aliisifu, akasema ni harusi ya heshima, na sikumsikia akiitaja tena.

Miaka ya 1990 akamwona Onslow. Huyu ni mwanamume mnene wa kipindi cha Keeping Up Appearances, anayeshinda na fulana iliyochakaa, bia mkononi, macho kwenye mbio za farasi, na nje ya nyumba yake pana gari bovu ambalo mbwa analala ndani. Baba alimtazama kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe nao wanaye," na akataja jina la jirani yetu. Sikumbuki kumsikia akisema lolote juu ya Waingereza lililokuwa na upendo kama maneno yale matatu. Miaka yote ya utawala haikufanya watu hao wawe binadamu machoni pake kama alivyofanya mvivu mmoja wa kubuni mwenye fulana.

Kipindi hicho kiliandikwa na Roy Clarke na kurushwa na BBC kati ya 1990 na 1995. Mwenyewe hasa ni Hyacinth, aliyeigizwa na Patricia Routledge, ambaye alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 96. Hyacinth ameolewa na mtumishi mpole wa halmashauri, Richard, ambaye jina la ukoo wake linasomeka kama ndoo, na yeye anashikilia litamkwe kama shada la maua. Ana simu nyeupe ya kupokea watu wakubwa, ana vikombe vya maua vya kuwanyweshea wageni, na ana dada wawili maskini, Daisy na Rose, ambao hataki mtaa ujue kuwa ni ndugu zake. Nyumba ya akina Daisy ilipigwa picha katika mtaa wa kawaida wa jiji la Coventry. Hakuna fahari yoyote pale, wala ngome, wala askari wa kofia za manyoya. Hata hivyo mwaka 2016 BBC ilieleza kwamba kati ya vipindi vyake vyote, hiki ndicho kilichouzwa zaidi kwa vituo vya nje, karibu mara 1,000.

Mimi sikushangaa, kwa sababu Hyacinth ninamjua. Alikuwa mama yangu mdogo. Sebuleni kwake palikuwa na kabati la vioo, na ndani yake seti ya vikombe vyenye ukingo wa dhahabu ambayo sisi watoto tulikatazwa hata kuipumulia. Makochi yalivikwa vitambaa vya kufuma, na vitambaa vikavikwa nailoni. Mgeni akija, alibadilisha sauti. Jirani wa Hyacinth, Elizabeth, hutetemeka mikono kwa hofu ya kuvunja kikombe mpaka kikombe kikamwagika kweli. Nimewaona majirani wetu wakitetemeka vile vile. Wazee walikwisha kusema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na Roy Clarke, bila kuwahi kuisikia methali hiyo, aliuandikia mlango ule vipindi kwa miaka mitano.

Mara ya kwanza unamcheka Hyacinth kwa maringo yake. Ukikaa naye unaona na jambo jingine. Ana baba mzee aliyepotewa na akili, ambaye kila mara anatoroka, anavaa ovyo, anajiletea balaa. Simu ikilia kuhusu mzee, Hyacinth huenda. Huenda akiona haya, akiomba asionekane na watu wa kanisani, lakini huenda. Aibu yake haimzuii kutimiza wajibu. Nilichukua muda kuliona hilo hata kwa mama mdogo, kwamba mwanamke yule wa nailoni na kabati ndiye aliyekuwa akilipa karo za watoto wa ndugu zake wawili, na hakuna aliyemsikia akilitaja. Vikombe vile tulivitoa kabatini siku ya matanga yake, watu walipokuwa wengi kuliko vikombe vya nyumba. Kwa kadiri tulivyojua, havikuwa vimenywewa hata mara moja.

Mr. Bean ni habari nyingine. Huyu hakuhitaji hata lugha. Rowan Atkinson alimjaribu mwaka 1987 katika tamasha la vichekesho la Montreal, Kanada, na akaomba kwa makusudi apangwe kwenye jukwaa la wasemao Kifaransa, ili aone kama watu wasiotegemea Kiingereza watacheka. Walicheka. Kipindi cha kwanza kilirushwa siku ya kwanza ya mwaka 1990, na kazi nzima ya awali ni sehemu 15 tu. Sehemu 15! Kuna tamthilia za siku hizi zinazomaliza idadi hiyo kabla wahusika hawajafahamiana. Jamaa zangu wa Tanga, kwa kuwa Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, walimjua kwanza kwa kanda za video, na kwao ilikuwa kana kwamba amezaliwa nao.

Nimewahi kumtazama kwenye basi la kutoka Mombasa kwenda Tanga, tukisubiri abiria wamalize kugonga mihuri mpakani Horohoro. Utingo aliweka sehemu ile ambayo Bean yuko mkahawani, ameagiza nyama asiyoijua, ikaja mbichi, naye anaona haya kuirudisha. Anaanza kuificha: chini ya sahani, ndani ya mkate, kwenye chombo cha sukari, hata kwenye mkoba wa mwanamke wa meza ya pili. Basi zima likacheka, Mdigo, Msomali, Mchaga, na mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akilalamika tangu Likoni. Kila mmoja wetu amewahi kupewa chakula asichokiweza nyumbani kwa watu na akakitafutia pa kukipeleka.

Lakini katika sehemu hiyo hiyo, kabla nyama haijaja, Bean anatoa kadi mfukoni, anaiandika, anaitia kwenye bahasha, anaiweka mezani. Baadaye anajifanya ndiyo kwanza anaiona. Ni kadi ya siku ya kuzaliwa, amejiandikia mwenyewe. Watu walicheka hapo pia, kisha mama aliyekaa mbele yangu akauliza kwa sauti, bila kumlenga mtu, "Huyu hana watu wake?" Swali lile lilinikaa. Ni kweli, katika sehemu zote zile hatujui mama yake, wala nduguye, wala kwao. Ana chumba, gari dogo na mwanasesere wa dubu. Marafiki wawili wanaokuja kwake mkesha wa mwaka mpya wanasogeza mishale ya saa mbele ili wapate kuondoka mapema. Atkinson amewahi kueleza kwamba Bean ni mtoto aliyemo katika mwili wa mtu mzima. Mama yule wa basini, kwa swali lake moja, aliongeza kwamba ni mtoto asiye na wakubwa. Kwetu pwani mtu akifika mahali huulizwa kwanza ni wa nani, jina lake baadaye. Tulikuwa tunamcheka mtu aliyekosa jibu la swali la kwanza. Tangu siku hiyo nimekuwa mwangalifu na watu wa vituko ofisini na mtaani, wale ambao kila mtu ana kisa chao cha kusimulia. Siku hizi huuliza, kimoyomoyo, ni nani anayewaandikia kadi.

Kipindi kilichonisumbua zaidi ni Mind Your Language. Wakenya wa umri wangu watanielewa. KBC ilikirusha na kukirudia, na hata leo ukitaja darasa lile mbele ya watu waliokuwa watoto miaka ya 1980 na 1990 utaona nyuso zikikunjuka. Kiliandikwa na Vince Powell, kikarushwa Uingereza kuanzia mwisho wa 1977 hadi 1979. Barry Evans aliigiza Bwana Brown, mwalimu kijana anayefundisha Kiingereza darasa la jioni kwa wageni walioingia London: Ali wa Pakistani, Ranjeet Kalasinga mwenye kisu cha dini yake, Giovanni mpishi wa Kiitaliano, Juan wa Hispania asiyeelewa kitu na anayefurahia kila kitu, Jamila anayefuma sweta darasani, Taro wa Japani na Su-Lee wa China wanaogombana bila kupumzika, na wenzao.

Michael Grade, aliyekuwa mkuu wa vipindi katika kampuni iliyokitengeneza, alikifuta kwa sababu alikiona kinadhalilisha mataifa ya watu. Wakati yeye akikionea haya, nchi zile zile zilizochekwa zilikuwa zikikinunua. India walitengeneza cha kwao mwaka 1993, Zabaan Sambhalke, darasa likiwa la Kihindi. Nani alikuwa na haki, Grade au sisi?

Kwa miaka mingi nilijibu kwamba ni sisi. Sababu yangu ilikuwa hii: mimi nilijifunza Kiingereza katika shule ambayo mtoto akisikika anasema lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni, akakibeba mpaka amkamate mwenzake, na jioni wote waliokibeba walichapwa. Shule nyingi za Kenya zilikuwa na kibao cha namna hiyo. Sasa fikiria mtoto wa kibao anapoona, usiku, darasa la Kiingereza ambamo watu wazima wanakosea sentensi baada ya sentensi na hakuna anayechapwa. Mwalimu anashika kichwa, anavumilia, anaeleza upya. Mwanafunzi anakosea tena, kwa fahari. Makosa yao hayakuwa na adhabu, na hilo kwangu lilikuwa jambo kubwa kuliko mzaha wenyewe. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa watoto wengi wa Afrika na Asia waliokipenda. Bwana Brown alikuwa mwalimu ambaye hatukumpata.

Bado naiamini sababu hiyo. Ila haitoshi, na nililiona hilo nilipokwenda kufanya kazi Muscat, nikaingia darasa la Kiarabu la jioni pamoja na Wafilipino, Wahindi na Wahabeshi. Huko nilikuwa mimi ndiye Juan. Mtu aliyeandika na kusomwa kwao, akiwa pale hawezi kueleza kwamba ameumwa na jino. Darasani tulichekana sana na haikuuma, kwa kuwa kila aliyecheka alijua zamu yake inakuja. Iliuma siku karani mmoja wa mlangoni, ambaye hakuwa akijifunza chochote, alipoiga matamshi yangu mbele ya wenzake. Maneno yalikuwa yale yale, kosa lile lile. Waliokuwa wakicheka ndio waliobadilika.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo utotoni halikunipitia akilini: kati ya wanafunzi wale kumi wa mwanzo wa Bwana Brown hakuwemo Mwafrika. Sisi tulicheka kwa raha kwa sababu kiti chetu kilikuwa kitupu. Laiti angekuwepo pale Mkamba au Mluhya, na lafudhi yake ikiandikwa na mtu ambaye hajawahi kufika Machakos wala Kakamega, tungekipenda? Mgala muue na haki umpe: Grade, aliyekuwa karibu na wale wanafunzi halisi wa London, aliona mlangoni kulikosimama yule karani.

Na huku nyumbani tulikuwa na mtihani wetu wenyewe. KBC hiyo hiyo ilituletea Vitimbi na Vioja Mahakamani, ambamo kila kabila lilikuja na Kiswahili chake. Mzee Ojwang wa Vitimbi alikisema kwa lafudhi nzito ya Kijaluo, na aliyemwigiza, Benson Wanjau, aliyefariki 2015, alikuwa Mkikuyu. Nchi ambayo siasa zake zimewafarakanisha makabila hayo mawili mara ngapi, ilimwona Mkikuyu akiingia katika ulimi wa Mjaluo kwa miongo, kwa ustadi na kwa mahaba, hadi watu wengi wakasahau kwamba si wake. Ojwang hakudhalilika. Alikuwa na mke mkali, Mama Kayai, alikuwa na tamaa zake na hila zake, alikuwa mtu kamili. Naamini hiyo ndiyo tofauti: mhusika akiwa na nyumba ya kurudi, lafudhi yake inakuwa ni sauti yake tu. Wanafunzi wa Bwana Brown hawakupewa nyumba. Kengele ikilia, walizimika.

Barry Evans mwenyewe, miaka yake ya mwisho, alikuwa akiendesha teksi katikati ya Uingereza. Alifariki Februari 1997. Tulijua baadaye sana. Wakati ule ule huku kwetu sura yake ilikuwa bado ikituingilia sebuleni, kijana, na tai yake.

Mtu anaweza kuniambia kwamba fahari nayo husafiri, mbona Downton Abbey ilitazamwa dunia nzima kati ya 2010 na 2015, na ile ngome ya Highclere ilipopigwa picha ikajaa watalii? Ni kweli watu walikwenda kuiona ngome. Lakini kilichowafanya wabaki mbele ya runinga wiki baada ya wiki, kuanzia awamu ya kwanza kabisa, ni usiku ule mgeni wa Kituruki alipofia kitandani kwa binti mkubwa wa nyumba, na binti, mama yake na mtumishi wa kike wakaibeba maiti gizani kuirudisha chumbani kwake. Mkenya aliyetazama hakuhitaji kuelezwa kwa nini watu watatu watatetemeka kwa siri hiyo miaka na miaka. Aibu ya maiti aijuaye mwosha.

Nayasema haya kwa sababu napokea miswada ya vijana wanaoandika filamu na tamthilia, na wengi wana ndoto ya kutazamwa nje. Ndoto hiyo naiheshimu. Kinachonisikitisha ni kwamba wakishaota hivyo, jambo la kwanza wanalofanya ni kufagia. Wanamtoa shangazi, wanatoa foleni ya maji, wanatoa deni la dukani, wanaweka ghorofa lenye lifti na watu wanaozungumza kama hawana wazazi. Wanadhani wa mbali atachanganyikiwa akikuta mtaa wa kweli. Roy Clarke hakumwuliza mtu wa Mombasa kama atamwelewa Onslow.

Mmoja wa vijana hao ni mtoto wa jirani yetu wa zamani, Majengo. Aliniletea mswada wa mapenzi baina ya wakurugenzi wawili. Nilipomaliza kuusoma nikamwuliza habari za nyanya yake, kwa sababu nilimkumbuka. Akacheka, akanisimulia jinsi walipokuja kumposa shangazi yake, nyanya alivyoazima seti nzima ya makochi kwa watu watatu tofauti, na jinsi wakwe walivyokaa sana hata mwenye kochi mmoja akaja kulidai wakiwa bado wamelikalia.

"Andika hiyo," nikamwambia.

"Lakini mwalimu, hayo ni ya nyumbani. Nyanya ataona haya."

Nikamwambia amsomee kwanza yeye, na akikataa, aache. Aliandika kwa wiki kadhaa, akaenda, akamsomea barazani, watu wakipita njia. Nyanya alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akamwambia kwamba amesahau friji. Nayo iliazimwa, akasema, na ililetwa usiku kwa mkokoteni, imefunikwa mashuka, kwa nyumba ambayo wakati huo haikuwa na umeme.